Jibu la Angel kwenye Jina la Leah

2 Desemba, Jumatatu

Nimeshindwa kukaa. Tangu asubuhi nazunguka chumba cha mapokezi mpaka Sista Imelda ameniambia nitatoboa sakafu. Leo programu yangu imewashwa rasmi hapa zahanati ya Daktari Andongwisye, mtaa wa Sogea, na mimi, Loisi Simbeye, miaka ishirini na sita, mzaliwa wa hapahapa Tunduma, mpakani na Zambia, nimeandika kila mstari wake peke yangu. Mzee Yesaya atapima damu kule maabara, jengo la nyuma, aingize majibu kwenye kompyuta yake. Majibu yatakwenda kwenye seva, kompyuta kubwa ya kuhifadhi, mbali huko. Sista Imelda akibonyeza jina la mgonjwa hapa mapokezi, yatamfuata. Hakuna tena kukimbiza vikaratasi kwenye mvua. Leo tumeingiza majina tu. Kesho majibu.

3 Desemba

Aibu. Mgonjwa wa kwanza tu, Sista Imelda kaniita kwa sauti iliyofika barabarani: "Loisi! Huyu baba ana undefined. Ndiyo ugonjwa gani huo, na unatibiwa na nini?"

Benchi zima lilicheka. Hata dereva mmoja wa lori, Mzambia, alicheka bila kuelewa.

Kosa lilikuwa la kitoto. Programu ilikuwa inatuma ombi kwenye seva halafu hapohapo, bila kungoja, inaandika kwenye skrini kilichopo mkononi. Mkononi hakukuwa na kitu, na kompyuta ikikosa kitu huandika undefined. JavaScript, lugha niliyoiandikia programu, haisimami kukungojea. Ukiomba jibu, inakupa ahadi tu kwamba litakuja, kisha inaendelea na shughuli zake. Nikaongeza neno await mahali pake ili mistari inayofuata isubiri jibu lifike. Dakika kumi kazi imekwisha. Majibu yakaanza kutokea. Nimetembea hadi nyumbani kama niliyeshinda uchaguzi.

12 Desemba

Mvua siku nzima. Malori yamepanga foleni hadi Mpemba.

17 Desemba

Sista Imelda ananichosha. Anabonyeza jina moja, kabla halijajibu anabonyeza la pili, kama anayerushia kuku mtama. Nimemwambia, "Sista, taratibu. Kompyuta inakusikia." Akasema, "Inanisikia lakini wagonjwa hawanisubiri." Miaka ishirini na mbili ya unesi, na anashika kipanya kama anashika chura.

Mzee Yesaya naye bado anaandika kila kipimo kwenye daftari lake jeusi kabla ya kukiingiza kwenye kompyuta. Kazi mara mbili. Nikamuuliza kwa nini. "Mazoea, mwanangu," akasema, wala hakuinua kichwa.

9 Januari

Daktari amenisifu mbele ya wote. Machi 7 watakuja wageni kutoka zahanati mbili, ya Vwawa na ya Mlowo, kuiona programu. Wakiipenda, nao wataifunga kwao. Sijala vizuri tangu aseme. Natembea tu. Nikikaa, goti linacheza lenyewe.

23 Januari, Alhamisi

Kliniki ya wajawazito. Mvua. Kisanduku cha intaneti kimerukia mnara wa Zambia mara tatu, kila kitu kizito. Sikula mchana.

10 Februari, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi bodaboda imeingia mpaka mlangoni kabisa, matope hadi kwenye usukani. Katikati ya dereva na mwanamume mmoja alikuwa amebanwa mwanamke mjamzito, kichwa kimelala mgongoni kwa dereva. Anaitwa Leah, wa Ndalambo. Mwanamume ni mume wake, Boazi. Tulimshusha watu wanne. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Sikujua kwamba kiganja cha mtu mweusi kinaweza kuwa hivyo.

Sista Imelda alimshika kope, akaivuta chini, akatazama, akapiga kelele ya kumwita Daktari. Mzee Yesaya alikuja mwenyewe na sindano. Baada ya dakika chache akarudi kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao. "Nne nukta sita," akasema. Wingi wa damu wa mjamzito ukishuka chini ya saba ni hatari kubwa. Nne na kitu ni mlangoni kwa kifo.

Gari la wagonjwa likamchukua kwenda hospitali kubwa. Boazi alichelewa kupanda kwa sababu alikuwa amesimama mapokezi na kadi ya kliniki ya mkewe, ameishika kwa mikono miwili. Tarehe 23 Januari, kwa mwandiko wa Sista Imelda: wingi wa damu 11.8. Siku hiyo walimwambia damu yake ni nzuri, ameze vidonge vya kawaida, arudi baada ya mwezi.

"Sista," Boazi akasema, bila hata kupandisha sauti, "hii iliyoandikwa hapa ni damu ya nani?"

Sista Imelda aliipokea kadi, akausoma mwandiko wake mwenyewe.

11 Februari

Daktari alitukalisha watatu. Akaniambia nifungue kumbukumbu za seva. Zilikuwa wazi: 23 Januari, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Leah, wingi wa damu 5.9, umeingizwa na Yesaya. Hakuna mtu aliyeubadilisha tangu siku ile.

Mzee Yesaya alisema, "Niliingiza nikaendelea. Foleni ilikuwa imefika nje. Zamani jibu kama lile ningelileta kwa miguu yangu."

"Mimi niliona kumi na moja nukta nane," Sista Imelda akasema. "Kwa macho haya. Jina la Leah juu, kumi na moja nukta nane chini yake."

Daktari akanigeukia. Nikasema, kwa adabu, hata kwa huruma: "Sista, kompyuta haina sababu ya kukudanganya."

Hiyo ndiyo sentensi. Naiandika kama ilivyotoka.

12 Februari

Sista Imelda amesimamishwa kazi. Alivua kitambulisho akakiweka juu ya kibodi yangu, sijui kwa nini hapo. Amekwenda kwao Hasamba.

14 Februari

Taarifa kutoka hospitali: Leah amewekewa chupa tatu za damu. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, wa kike, kilo moja na gramu mia nane. Wote wanapumua. Mapokezi tuna nesi mpya, Fausta, kijana wa umri wangu, ana mikono mitulivu, anasubiri kila jina lijibu. Kila kitu kinakwenda sawa. Mbona situlii.

16 Februari

Kanisani sikusikia neno hata moja. Mvua juu ya mabati.

19 Februari, Jumatano

Mzee Yesaya amekuja mezani kwangu baada ya chakula cha mchana. Hajawahi kuja. Kashika daftari lake jeusi, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Loisi, hebu nisaidie kitu. Imelda nimefanya naye kazi miaka tisa. Hajawahi kuota mchana." Akafungua. "Kumi na moja nukta nane haikutoka hewani. Tazama. Ishirini na tatu Januari. Huyu hapa Leah, tano nukta tisa. Sasa tazama mstari wa juu yake."

Mstari wa juu: Angel, binti wa Chipaka, naye mjamzito. 11.8.

"Alimtangulia Leah kwenye foleni," mzee akasema. "Mimi sijui kompyuta. Naona tu kwamba namba hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hapahapa." Akafunga daftari, akarudi maabara. Hakuniuliza kitu. Bora angeniuliza.

20 Februari

Nimeona.

Nilingoja zahanati ifungwe saa kumi, mvua ikiwa inapiga. Nikachomoa kisanduku cha intaneti, nikaunganisha kompyuta ya mapokezi kwenye simu yangu na kuisogeza kwenye dirisha la upande wa Zambia, ambako mtandao huyumba. Nikabonyeza Angel. Kabla hajajibu, nikabonyeza Leah. Kama Sista Imelda. Kama kuku na mtama.

Jina la Leah lilitokea juu papo hapo, kwa sababu majina yamo tayari ndani ya kompyuta, hayasafiri. Chini yake pakaja 5.9. Sahihi. Nikavuta pumzi. Na wakati pumzi bado imo kifuani, bila mimi kugusa chochote, 5.9 ikafutika na pale pale ikaandikwa 11.8.

Nimerudia mara tisa. Mara nne ilitokea.

Maombi mawili yalitoka, la Angel kwanza, la Leah pili. La Angel likakwama njiani. La Leah likapita, likarudi mapema. Kisha la Angel likafika limechelewa, na programu yangu ikalipokea kwa mikono miwili na kuliandika kwenye ukurasa uliokuwa wazi, bila kuuliza ukurasa ni wa nani. Lile await nililojivunia Desemba linasubiri jibu lake basi. Halijui kwamba wakati linasubiri, mtu ameshahamia kwa mgonjwa mwingine. Niliandika programu nikidhani majibu hurudi kwa mpangilio wa maswali. Hakuna aliyewahi kuniahidi hivyo.

Sista Imelda aliona alichokiona. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

21 Februari

Nimerekebisha. Sasa kila ombi linapewa namba. Jibu likirudi na namba isiyo ya ombi la mwisho, linatupwa. Ukibonyeza jina jipya, ombi la zamani linakatwa njiani. Zaidi ya hapo, jibu lenyewe linakuja limebeba jina la mgonjwa, na lisipolingana na jina lililo kwenye skrini, haliandikwi. Na mpaka jibu lifike, skrini inaandika BADO kwa herufi kubwa, haiachi namba ya mtu mwingine imeganda. Mistari kumi na saba. Mchana mmoja.

Sijamwambia mtu.

22 Februari

Sijamwambia mtu.

23 Februari

Nimetembea hadi Chapwa na kurudi, bila shughuli yoyote. Miguu tu.

24 Februari, Jumatatu

Nimemwambia Daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi.

"Umesharekebisha?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi. Limekwisha."

"Na Sista Imelda?"

"Nitamrudisha. Wageni wapite kwanza, tarehe saba." Alisimama akafunga mlango. "Loisi, nisikilize vizuri. Watu wa Vwawa wakilisikia hili, hakuna zahanati mkoa huu itakayowasha kompyuta tena. Watarudi kwenye vikaratasi vilivyolowa. Unajua wangapi wamekufa kwa sababu ya karatasi iliyopotea? Mimi najua. Wawili nimewazika nikiwa daktari wao."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linalonisumbua. Ningekuwa nimekutana na mtu mbaya, ningejua pa kusimama.

27 Februari

Fausta ameniuliza kwa nini siku hizi nasimama nyuma ya kiti chake.

1 Machi, Jumamosi

Nimekwenda Hasamba. Gari hadi Vwawa, kisha bodaboda katikati ya mibuni na mahindi yaliyonipita urefu. Sista Imelda alikuwa shambani na mama yake, wanapalilia. Aliponiona aliegemea jembe. Alikuwa amevaa miwani mipya, yenye fremu nyekundu. Sijawahi kumwona na miwani.

Nilimsalimia mama kwanza. Kisha tukasogea kando, chini ya mgomba, nikamweleza. Nilijitahidi kutotumia maneno ya kazi yangu. Nikasema: ulibonyeza Angel, ukabonyeza Leah, jibu la Angel likachelewa, likaja kukaa kwenye jina la Leah.

"Kwa hiyo niliona," akasema.

"Uliona."

"Sema tena."

"Uliona, Sista. Ilikuwa kumi na moja nukta nane. Kompyuta ilikuonyesha hivyo."

Alivua ile miwani, akaitazama. "Nilikwenda kupima macho Vwawa," akasema. "Yule mtaalamu akaniambia, mama, macho yako mazuri, huhitaji. Nikamwambia nipe tu. Mimi ndiye ninayejua nilichokifanya." Aliikunja mikono ya miwani mmoja mmoja. "Wiki mbili hizi nilikuwa nimeshakubali, Loisi. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba niliota. Kwamba nusura nimwue mtu kwa uzee."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Siku ile uliniambia nini, mbele ya Daktari?"

"Sista…"

"Sema."

Nikaisema sentensi yangu yote, mpaka mwisho. Mama yake alikuwa ameacha kupalilia, anasikiliza.

"Sasa umeshamwambia Leah?"

"Bado."

"Ahaa. Umekuja kwangu kwanza kwa sababu mimi ni rahisi." Alichukua jembe lake. "Nenda. Mvua inakuja, bodaboda zitakataa."

Na kweli ilikuja. Nimefika Tunduma nimelowa hadi mifupa.

5 Machi

Daktari ananipita bila kunitazama. Anajua sijaamua. Mimi mwenyewe nilidhani nimeamua.

7 Machi, Ijumaa

Wageni walikuwa watano. Soda, karanga, viti vya plastiki vimepangwa. Daktari alifungua kwa maneno mazuri, akanipa nafasi. Nilikuwa na kompyuta mbili mezani. Alidhani ya pili ni ya akiba.

Nikasema: "Kabla sijawaonyesha inavyofanya kazi, nitawaonyesha ilivyotaka kuua mtu."

Sikumtazama Daktari. Kompyuta ya kwanza niliiwekea programu ya zamani, na seva ya majaribio niliyoilazimisha ichelewe. Nikamwomba mama mmoja nesi, wa Mlowo, anaitwa Gwantwa, abonyeze mwenyewe. Jina la kwanza, jina la pili. Chumba kizima kikaona namba sahihi ikija, kisha ikifutwa na ya mtu mwingine. Mtu mmoja alisema "Yesu!" kwa sauti ndogo. Nikawaeleza ilivyotokea Januari, bila kumtaja mgonjwa. Nikawaambia kwamba nesi aliyelaumiwa alikuwa anasema kweli, na kwamba mimi ndiye niliyemlaumu.

Kisha kompyuta ya pili. Gwantwa hakungoja nimwombe. Alibonyeza majina haraka haraka, sita, saba, kama mtu mwenye hasira, akakunja mikono akangoja. BADO. BADO. Kisha jibu, na jina lake. Akarudia. Akarudia tena. Alichukua dakika ishirini na hakuna aliyemzuia.

"Hii naielewa," akasema mwishoni. "Lakini mimi kipimo kibaya nataka niletewe na mtu. Kwa mdomo."

Kutoka kona ya nyuma, Mzee Yesaya alisema, "Hilo liandikeni."

Hawakukubali chochote. Walisema watafikiri. Wakaondoka, karanga zimebaki.

Daktari alikaa kwenye kimoja cha vile viti vya plastiki. Nilingoja kelele. "Ungeniambia tu kwamba utafanya," akasema. "Nisingekaa pale natabasamu kama mjinga." Hilo lilinichoma kuliko kelele.

10 Machi, Jumatatu

Sista Imelda amerudi. Alikuwa amempa Daktari sharti moja kwa simu: alisafishe jina lake mbele ya wafanyakazi wote. Alifanya hivyo, amesimama, akisoma kwenye karatasi, sauti ikikwama mahali pawili. Sista Imelda alisikiliza, naye akiwa amesimama. Kisha akaenda mapokezi akamwambia Fausta, "Sogea, mwanangu, nionyeshe hiyo BADO yenu."

Mimi nimepewa hadi mwisho wa Aprili. Nimalize, nimfundishe Fausta, niondoke. Ni haki.

Sista Imelda hajanisemesha.

18 Machi

Kanuni mpya ukutani, kwa mwandiko wa Mzee Yesaya: kipimo cha hatari hakingoji kompyuta, kinatembea.

27 Machi

Sista Imelda: "Kesho kutwa una kazi?" Nikasema sina. "Basi Jumamosi nenda Ndalambo. Leah ameruhusiwa, yuko nyumbani. Mimi siendi. Hii safari ni yako."

29 Machi, Jumamosi

Nilimkuta Leah amekaa mkekani barazani, mtoto amefungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha hospitali. Kofia ya mtoto ni kubwa kuliko uso. Boazi alikuwa anapukuchua mahindi. Walinipa kigoda. Walidhani nimetumwa kumpima mtoto.

Nilieleza. Nilishajifunza kueleza kwa kifupi. Boazi aliacha kupukuchua katikati ya gunzi.

Leah hakulia wala hakukasirika, angalau sikuona. Alinitazama, mkono unampapasa mtoto mgongoni, juu chini, juu chini.

"Dada," akasema, "ningekuwa nimekufa, ungekuja kumwambia nani?"

Niliwaza kusema ningemwambia mume wako. Niliwaza kusema ningekuja vilevile. Kisha nilizikumbuka siku zile nne za Februari nilizokaa bila kusema, naye yuko hai.

"Sijui," nikasema. "Sijui kama ningekuja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. "Afadhali umesema hivyo," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Tumaini. Umesikia?"

Boazi alikuwa anatazama gunzi mkononi. Ndipo nikasikia kutoka kwa Leah jambo ambalo Sista Imelda hakuwahi kuniambia, wala mtu mwingine yeyote: kwamba wiki ile mkewe alipokuwa anawekewa damu, Boazi alimpigia simu kila asubuhi. Siku sita. Alimwita muuaji. Alimwambia mtoto akifa atamletea maiti Hasamba, amzike yeye. Na Sista hakuwahi kukata simu. Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, leo mgonjwa ameamkaje.

Boazi aliinuka, akajipangusa maganda kwenye suruali, akatoa simu. Nyumbani pale mtandao haushiki. Alivuka uwanja, akapita katikati ya mahindi, akapanda kichuguu kirefu kilicho mwisho wa shamba, akasimama juu yake kwenye manyunyu, simu ameiinua, anageuka huku na huku akitafuta mnara.

Leah alisogeza khanga kumfunika mtoto.

Tulimsikia kutoka barazani, maana kule alilazimika kupaza sauti:

"Halo? Sista Imelda? Ni Boazi. Boazi wa Ndalambo… Hapana, wazima, wote wazima. Sista, usikate."